Fyuzi ya Pikipiki ya Baba

Niboye, Kicukiro,
Kigali.
17 Juni 2024

Mpendwa Kaka Kabera,

Habari za Dodoma? Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi cha vumbi kimekuachia. Wifi Joselyne na watoto hawajambo? Huku tupo. Mama hajambo, magoti ni yale yale. Baba naye hajambo, isipokuwa macho, na hapo ndipo penye habari.

Unakumbuka tulivyomsihi aache kuendesha, alipomkosakosa yule mama wa ndizi kule Gahanga. Wewe alikukatia simu. Mimi alininunia mpaka nikaacha kulitaja jambo lenyewe.

Basi wiki iliyopita pikipiki ikafa ghafla hapo uani kwao. Unazungusha ufunguo, hakuna taa, hakuna honi, stata kimya, hata kwa kiki inagoma. Mama akanipigia, nikaenda na bisibisi zangu. Unajua tulivyokua kule Karagwe: wewe ulikuwa unakimbia grisi, mimi ndiye niliyekuwa namshikia Baba tochi.

Nilianza na betri. Nikaiunga na balbu moja kwa moja, ikawaka vizuri, kwa hiyo betri haina neno. Vichwa vyake vimekaza, havina ile kutu nyeupe. Waya wa hasi umeshika fremu sawasawa. Umeme ulikuwa unatoka kwenye betri na kupotelea njiani. Nikafungua kikasha cha fyuzi chini ya kiti, nikakuta kitupu. Fyuzi ikiungua huacha mzoga wake pale pale. Hii ilikuwa imetolewa.

Nikamshuku Mama, na moyoni nikampongeza. Lakini Baba alikuwa amesimama ananitazama, nikaweka mpya. Ikaunguruma. Baba akashukuru, akasema mgongo unamsumbua, ataipanda kesho.

Kesho yake ikafa tena. Nikaenda, nikafungua, fyuzi hakuna. Nilipombana Mama jikoni akaapa kwamba hata hajui hicho kiti kinafunguliwaje, na Mama haapi ovyo. Mtu mwingine pale nyumbani hayupo. Nikatoka nje, nikamkuta Baba kibarazani, mkono mmoja ndani ya mfuko wa koti, hanitazami.

Kaka, nilitaka kulia. Nikarudisha kiti, nikakaza skrubu, nikamwambia, "Baba, imenishinda."

Akajibu, "Unaona? Mimi ningeendelea. Yenyewe ndiyo imekataa."

Nikamwambia ni kweli.

Kwa hiyo ile betri uliyotaka kumpa dereva wa lori ailete, usiitume. Baba akikupigia kulalamika, mpe pole, mwambie vipuri vya pikipiki za siku zile vimeadimika. Usithubutu kuonyesha kwamba umefurahi. Jana alikwenda misa kwa pikipiki ya abiria, akamkosoa dereva njia nzima, akarudi amechangamka kweli.

Msalimie sana Wifi, umbusu Kirezi, na Bertrand mwambie shangazi yake bado anasubiri ile picha ya shule. Mama anawaombea kila jioni, Mungu awaepushe na mabaya yote ya huko.

Baba naye anakusalimu. Amenisisitizia nikuandikie kwamba macho yake hayana tatizo lolote.

Mdogo wako anayekukumbuka kwa upendo,
Christella