Ndege Uliyoiruhusu Iruke

Kaka Mwadime,

Mjomba alipita hapa Voi baada ya kanisa akaniambia unataka kuja nyumbani Krismasi. Alisema umekonda huko Ghuba, hupati usingizi, na unaogopa kunipigia simu. Una sababu ya kuogopa. Neno “mpendwa” nimelijaribu likanishinda, kwa hivyo nakuandikia bila hilo, tena waziwazi, ili wale tuliokuwa nao ndani ya ndege ile wasome pia.

Nakukumbuka vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Nakukumbuka uani kwetu Kasigau, mikono imejaa grisi, umeifungua baiskeli ya baba. Asubuhi moja nilikuwa nimechelewa mtihani, nikalia unibebe. Ulijaribu breki, ukatikisa kichwa, ukaiegemeza baiskeli ukutani. “Breki haishiki, hatupandi,” ulisema, “hata kama mwalimu atakuchapa.” Tukatembea barabara ile ya mawe, wewe umenibebea mkoba, na mwalimu akanichapa kweli. Sikukukasirikia hata kidogo. Nilijua nina kaka.

Ulipopata kazi ya kutengeneza ndege Nairobi, mama alitangaza kanisani. Ulipopandishwa cheo ukawa ndiye unayesema ndege ipi iruke na ipi ikae chini, akaanza kukuombea wewe pamoja na watu aliowaita “abiria wa Mwadime.” Hajawahi kukosa, jioni hata moja.

Tiketi ulitukatia wewe. Tulikuwa tumekutembelea, na ulitaka mama aruke hadi Mombasa, aone Kasigau kutoka juu angalau mara moja maishani, kisha turudi Voi kwa treni. Uwanjani tukaambiwa ndege imebadilishwa. Hatukujali. Mwanamke mmoja wa Mahoo, kule Taveta, mkulima wa ndizi aliyekuwa akienda kumwona mjukuu wake mchanga, alimpisha mama kiti cha dirishani. Mama akaegemeza paji la uso kwenye kioo, akitafuta mlima wetu. Alikuwa bado anautafuta injini ya upande wetu ilipolipuka.

Habari za injini unazijua kuliko mimi. Acha nikueleze habari za watu. Moshi uliingia mpaka sikuona mikono yangu. Mwanamume nyuma yetu alikuwa akimpigia mkewe simu ambayo haikushika. Mama alianza kuimba wimbo wa Kidawida, lugha yetu, kwa sauti ndogo, na yule mwanamke wa Mahoo akamshika mkono ingawa wimbo haujui. Rubani alitufikisha chini Mombasa, Mungu ambariki. Tukateremka kwa ule mpira wa kutelezea wa dharura. Mwanamke wa Mahoo alitangulia, akageuka kumpokea mama, na waliokuwa wakifuata wakawaangukia wote wawili. Mama alitoka na kifua kilichoharibiwa na moshi. Yule wa Mahoo bega lake lilisagika.

Ulikuja hospitalini kesho yake. Mama alikuwa amelala. Ukanivuta kwenye korido, ukilia, ukaniambia mlijua injini ile inavuja mafuta, kwamba spea ilikuwa haijafika, na kwamba wakubwa walikusukuma ukakubali iendelee kuruka. Kisha ukasema maneno uliyodhani yatanifariji.

“Nyinyi niliwapangia ndege nyingine, ile nzima. Ningejua mko ndani, nisingeiruhusu.”

Nikakuuliza, na wale wengine je? Ukaniomba nisimwambie mtu. Mama hajatoka hospitali, wewe ukawa umeshaacha kazi na kuondoka nchini.

Ungekuwa mzembe tu, pengine ningekuvumilia. Mzembe hajui. Wewe ulijua, tena ulijua vizuri kiasi cha kumwepusha mama yako, kisha ukapandisha mama za watu. Usinitajie wakubwa wako. Hakuna mkubwa aliyekwambia umpangie mama ndege nyingine. Hilo ulilifikiria peke yako. Ninapokukumbuka siku hizi nakuona umesimama pale Nairobi ukiwatazama watu wakipanda ngazi na mizigo yao, na moyo wako umetulia kwa sababu hakuna unayemjua.

Wachunguzi wa ajali walipofika Voi niliwaeleza ulichosema, neno kwa neno. Mjomba ananiita msaliti. Na aniite.

Mama nilikuwa nimemficha. Alidhani kazi ndiyo imekuzuia kuja kumwona, na alikuwa bado anakuombea. Mjomba alipoondoka nilimweleza yote. Alikuwa akichambua mboga. Alisikiliza mpaka mwisho, akikohoa, wala hakukutukana. Ningefurahi kama angekutukana. Aliniuliza tu kama yule mwanamke wa Mahoo ameanza kuinua mkono. Nikamwambia bado, na kwamba migomba yake inapaliliwa na majirani wanapopata nafasi. Alimaliza kuchambua mboga, halafu akaniambia niandike hivi:

“Mwambie asije kwangu kwanza. Aende Mahoo, ataje jina lake, aseme alichofanya. Yule mama akimpokea, na mimi nitampokea.”

Mimi sijaahidi hata hayo. Nimeandika tu alivyosema. Kutoka Voi hadi Taveta siku hizi ni lami tupu, na ukifika Mahoo uliza kwa mwanamke aliyeumia kwenye ndege. Kila mtu atakuonyesha.

Salamu sina.

Dada yako