Kwa Baba Aliyekuja Fizi Siku ya Jumatano

Baba yangu wa Lweba,

Nakuandikia kwa kalamu ya kuazima, na mama ananiangalia kutoka mlangoni. Anajua barua ni ya nani. Ameniambia niandike yote niliyo nayo moyoni, mwishoni nikuombe usije tena, kisha karatasi niitie motoni. Nimemwitikia tu. Tangu lini mama akaniagiza jambo nikalifanya vilevile alivyosema? Wewe mwenyewe ulikuwa unacheka kwamba kichwa kigumu nimekirithi kwake, pua tu ndiyo yako.

Unakumbuka vile baraza lilivyotugawa? Nilikuwa na miaka sita. Mlikuwa mmeshaachana, na mama ameolewa hapa Baraka na Ramazani, fundi wa cherehani. Wazee wakasema mutoto angali mudogo, akae na mama yake, lakini baba naye apewe siku zake. Mmoja akakuuliza, wewe mvuvi wa ndagala, ni siku gani unaonekana nyumbani? Ukajibu: mwezi ukijaa. Ni kweli, mwezi ukijaa ndagala hawafuati moto wa mtumbwi, na wavuvi wote wanakaa kutengeneza nyavu. Basi wakakupa siku tatu za mwezi mpevu, kila mwezi, na karani akaziandika hivyo hivyo.

Hukukosa hata mara moja. Ulikuwa unasimama nje ya ua wa Ramazani, huingii, hubishi hodi, unakohoa mara moja tu, nami natoka mbio na kanga ya mama begani. Kule kwako Lweba, ufukweni, ulinipa kazi ya kushika ncha ya wavu kwa kidole cha mguu huku ukiziba matundu. Nikisinzia unauvuta kidogo. Mchana tunakula bukari, ugali wa muhogo, na ndagala uliyokaanga mwenyewe, imeungua upande mmoja, na unanikataza nisimwambie mama. Nilimwambia kila mara. Alikuwa anacheka peke yake jikoni, Baba, nadhani hilo hukulijua.

Ramazani hakuwa mtu mbaya, wewe pia ulikiri. Alitaka niandikwe kwenye buku lake la serikali, niwe mtoto wake mbele ya sheria, maana kila polisi akipita kukagua alikuwa anauliza huyu wa nani. Mara mbili alikutumia ujumbe ukubali. Mara mbili ulikataa. Jibu lako la pili lilizunguka Baraka nzima, hata wateja wake walikuwa wanamchokoza nalo: “Mwambieni fundi, mutoto haiko nguo ya kushonwa mara ya pili.”

Ilikuwa kiangazi cha mwaka wa hamsini tulipoitwa biro ya serikali kule Fizi, ukubali au ukatae mbele ya karani mkubwa. Tulipanda kwa lori, mimi, mama na Ramazani. Ilikuwa Jumatano. Hakuna aliyekutarajia. Ramazani alikuwa ameshafunga kofia yake kwenye kitambaa tayari kwa kurudi, ndipo nikakuona mlangoni.

Nilifurahi, Baba. Niliinuka. Kisha sijui kwa nini nikasimama palepale. Ulikuwa umevaa koti lako la ibada, limefungwa vifungo mpaka shingoni, na jua lilikuwa kali. Njia ya kupanda Fizi ni vumbi jekundu tupu, sisi wenyewe tuliokuja kwa lori tulikuwa nalo mpaka kwenye nyusi. Miguu yako haikuwa na vumbi. Ilikuwa na mchanga mweupe wa ziwa, mbichi, kama umetoka majini sasa hivi. Mbwa wa polisi aliyekuwa amelala kizingitini aliinuka, akaenda kulala mbali.

Karani alikupa kiti, hukuketi. Alikupa maji, ukayatazama, ukageuza uso. Akakuuliza kama unamwacha mutoto kwa Ramazani kwa moyo wako mwenyewe, bila kulazimishwa. Ulisema maneno mawili tu.

“Andika haraka.”

Ukaweka kidole kwenye wino, ukakibandika kwenye karatasi. Mama alianza kulia, hata leo hajui kwa nini. Kisha ukanijia, ukanishika mkono. Mkono wako ulikuwa baridi mpaka nikataka kuuvuta wangu.

“Kaa na mama yako, Nyassa. Bale ba Lweba bakikuita, usiende. Hata bakilia.”

Ukatoka. Ramazani alikufuata nje akushukuru. Alirudi upesi, akasema barabara ni tupu pande zote mbili na hakuna mtu.

Ee Baba, vile nilikuchukia! Nilielewa neno moja tu: umenikatia njia ya kwenu. Mtu aliyesema mimi si nguo amenivua kama nguo, tena kwa haraka. Tulilala Fizi kwa dada wa mama mpaka Jumatatu, na siku zote hizo sikula chakula cha mtu. Tuliporudi Baraka tulimkuta mjumbe kutoka kwenu ameketi uani. Ziwa limekuchukua, alisema, umeshazikwa. Mama alipiga yowe, akakaa chini. Hakuuliza siku, na mjumbe hakuitaja. Tulidhani ulitoka Fizi ukaenda moja kwa moja kwenye mtumbwi.

Sikuja kwenye kilio chako. Mama alikataa kabisa. Kwenu mtu akifa watoto wake ni wa kaka zake, na wote tuliona yaliyompata binti wa marehemu baba mudogo. Baba mukubwa, kaka yako, alimchukua siku ya matanga, akampeleka milimani aolewe na mzee mmoja kabla hajavunja ungo. Mama yake hakumwona tena. Baba mukubwa alinijia na mimi, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili na vijana. Chifu akamwambia karatasi iko Fizi na kidole cha baba kiko juu yake. Akaondoka akitukana, akasema Ramazani amemlisha karani.

Na mwezi ulipojaa, nilishtuka asubuhi nikakuta mkeka ulio karibu na kitanda changu pale sebuleni umelowa, mahali pa mtu mmoja kuketi. Chini kulikuwa na mchanga. Mama aliufagia bila kunitazama, akasema paa linavuja. Mvua ilikuwa bado miezi miwili. Kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa. Siku ya nne mkeka ulikuwa mkavu. Mwezi uliofuata, siku tatu tena. Mwanzo niliogopa, nikahamia kwa mama. Baadaye nikazoea, kisha, nikwambie ukweli, nikawa nazihesabu. Ramazani naye aliona. Aliacha tu kuketi mahali pale, na wageni akawaelekeza pengine. Miaka minane sasa.

Mwezi uliopita nilichumbiwa na mwalimu mmoja wa Fizi. Baba mukubwa alisikia, akaja mbele ya baraza la Baraka kudai kwamba mimi ni wa ukoo wake, na yeye ndiye wa kusema naolewa na nani. Safari hii alikuja na mwanawe aliyesoma misheni. Karatasi ikaletwa kutoka Fizi, kijana akaisoma mpaka kwenye tarehe, akarudi nyuma. Akasoma tena. Akamnong'oneza baba yake, na mzee akasimama.

Akasema wewe uliingia ziwani Jumamosi. Jumapili walikuokota mchangani. Jumatatu walikuzika ndani ya koti lako la ibada, na mchungaji alikuwako. Karatasi imewekwa kidole Jumatano ya juma hilohilo. Huu ni wizi, alisema, na ushahidi anao mfukoni, akatoa buku lako, lile la serikali lenye alama ya dole lako, wapime alama, watu wote waone.

Hakimu aliziweka alama mbili pamoja mezani. Aliziinamia kwa muda mrefu. Lile kovu la ndoano iliyokukata dole liko kwenye zote mbili, limepinda vilevile. Akamwita karani wake, karani akainama, akafuta kijasho. Kisha hakimu akaniuliza kama nilikuwako siku ile. Nikasema nilikuwako. Akaniuliza ule ulikuwa mkono wa nani.

Nilijua wataniita mchawi, na mwalimu wangu alikuwa ameketi nyuma. Nikasema: “Wa baba. Ulikuwa baridi.”

Baba mukubwa alikaa. Nilimwona akizeeka mbele yangu. Alilikunja buku lako polepole kwenye kitambaa, akasema kwa sauti ndogo, “Kama alikuja mwenyewe, mi siweze kushindana naye. Mumuache mutoto.” Akatoka, na hata maji ya njiani hakuomba.

Basi sasa najua. Ulikuwa umeshalala udongoni, ukakumbuka kwamba hujaniweka mahali salama. Ukainuka, ukapanda milima yote ile kwa miguu ili kunipa kwa mwanamume mwingine, jambo ambalo ukiwa hai hukuweza kulimeza. Nami nilikulipa kwa miaka ya hasira. Nisamehe, Baba.

Ramazani ameniomba nikuandikie neno lake. Alikuwa anashona gauni langu, hakuinua kichwa: “Mwambie nilikulea. Hilo tu.”

Jumamosi naolewa. Mama bado yuko mlangoni, anangojea nifike kwenye lile ombi lake. Anasema mwanamke aliyeolewa hawezi kuwa na mkeka unaolowa chumbani, mume atakimbia. Mwalimu nimemweleza yote. Aliniuliza tu kama mkeka ule tutahama nao au tutanunua mwingine.

Kwa hiyo sitakuandikia usije. Tutakaa Fizi, nyumba ya tatu baada ya biro, mlango unatazama barabara. Ni mbali na ziwa, na kupanda kunachosha, lakini mwezi ukijaa mimi nitakuwa nyumbani. Njia unaijua.

Ni mimi, binti yako