Nani Atamsemea Naisula

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Siku ya tatu bila maziwa. Nilidhani ng'ombe wameugua. Kumbe Naisula yuko rumande Kajiado! Mama Ouko wa kioski ndiye ameniambia: ati alichoma nyumba ya tajiri aliyenunua shamba la marehemu mumewe. Na nani aliliuza? Shemeji yake, Saning'o. Nilicheka kwa hasira hadi Mama Ouko akaniuliza kama niko sawa.

Naisula ni kiziwi tangu utotoni. Hakusoma hata darasa la kwanza. Miaka tisa ananiletea maziwa hapa getini. Nani atamwambia ameshtakiwa kwa nini?

Jumatano, 8 Oktoba

Nilienda Kajiado tayari kwa vita. Mkalimani hatakuwepo, nitaandika gazetini, nitawachoma. Lakini alikuwepo! Jentrix, msichana wa Bungoma, cheti anacho, vidole vyepesi. Alijaribu dakika tano, akashusha mikono. Akamwambia hakimu kweli tupu: mama huyu hajui lugha ya ishara inayofundishwa shuleni, ana ishara za kwao nyumbani tu. Atafutwe mtu anayezijua, asimame kati ya mama na mahakama. Nilimheshimu. Wengine wangebuni tu.

Hakimu akauliza kama kuna jamaa. Saning'o akasimama kabla swali halijaisha, akaja mbele akiburuta ule mguu wake. "Tumekaa boma moja miaka ishirini, mheshimiwa. Ni kama dada yangu."

Akaapishwa. Naisula akaanza. Vidole viwili juu ya ubao wa kizimba, kimoja kinatembea, kimoja kinaburutwa — huyo ni Saning'o, hata mimi namjua hivyo. Kisha kiganja kinapulizwa: moto. Mguu, moto. Mguu, moto. Nilihesabu mara tano.

Saning'o akatafsiri: "Anasema alikuwa na hasira. Anaomba msamaha."

Nikapiga kelele. Mwongo! Anakutaja wewe! Askari akanitoa nje kwa mkono. Mlangoni niligeuka. Saning'o hakuwa anamtazama Naisula tena. Alikuwa ananitazama mimi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa ya maziwa kabisa. Gonga-gonga getini — Saning'o, na kofia mkononi.

"Supa, Madam Dolphine," akanisalimu kwa lugha ya kwao.

Nikamwambia aseme lililomleta.

"Nothing. Kusalimia tu. Nyinyi watu wa Western mnapenda maneno, eh? Gazeti, redio. Lakini mmepanga tu hapa, madam. Sisi hatuna pengine pa kwenda."

Akachungulia nyuma yangu, pole pole, uwanja wote.

"Kumbe huna mbwa."

Akavaa kofia, akaenda zake.

Jumamosi, 11 Oktoba

Jentrix amepiga simu. Kelele zangu zimesaidia: hakimu amemweka Saning'o kando. Sasa mkewe Saning'o ndiye amejitolea. Bado ni boma lilelile! Jentrix ametaja jina langu kwa hakimu, nitafsiri mimi. "Ni wewe tu, madam. Wengine wote wanaojua ishara zake wanakula kwa huyo Saning'o."

Nikamwuliza kama amesoma nilichoandika mwaka jana.

"Nimesoma. Ndio maana nimekuomba kwa adabu."

Nimefunga dirisha la jikoni. Joto hili, na nimelifunga.

Jumanne, 14 Oktoba

Hakimu ametupa dakika kumi za mapumziko; tukirudi, nimjibu. Naandika kwenye benchi la nyuma.

Wakili wa yule tajiri alikuja na gazeti lenye makala yangu ya mwaka jana. Akalisoma kwa raha, kama mtu anayekula nyama ya kuchoma: "Jirani mwema si mkalimani. Ni mwizi wa sauti aliyejifunika huruma." Watu wakacheka. Mke wa Saning'o, kiti cha mbele, hakucheka.

Hakimu akaniuliza kwa upole. Je, bado unaamini maneno haya? Na unaweza kuapa kwamba kila utakalosema ni lake, si lako?

Ndiyo, naamini! Kila neno. Na nikisema hivyo, mama yule wa kiti cha mbele ataapishwa.

Miaka tisa. Ishara ya maziwa tunayo, ya mvua tunayo, ng'ombe mgonjwa, kesho, bado, nimechoka. Mguu na moto. Lakini hatia je? Wakili? Miaka saba jela? Hatukuwahi kuyahitaji hayo pale getini. Nikikosea ishara moja tu, nitakuwa nimemfunga mimi.

Naisula ameniona. Tangu asubuhi hajatabasamu, sasa anatabasamu hadi askari ameshangaa. Anadhani nimekuja kumchukua. Ananyoosha mkono juu ya kizimba, anauliza vile anavyouliza kila asubuhi kuhusu kesho yake: lita moja, au mbili?

Kidole kimoja. Vidole viwili. Anangoja nijibu.

Karani anaita jina langu. Saning'o amesimama mlangoni, na naona ameona mkono wa Naisula, na sasa anaangalia wangu.

Nimeuinua. Sijui bado kama ni wa kiapo au wa kumjibu Naisula: moja, au mbili.