Gurudumu la Mkono wa Kushoto

Fridley, Minnesota
Oktoba 2007

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili uipokee, kwa sababu siku ya Idi kadi ya simu ilimeza maneno yetu kabla sijakuaga. Magoti yanasemaje huko Tabora? Umepata mtu wa kukuchotea maji, au bado unajifanya kijana? Na cherehani je, yule fundi ameitia mkanda mpya, au alikuja kunywa chai tu kama kawaida yake? Sisi huku ni wazima. Rehema yuko kazini hotelini, kule Bloomington, nami nimebaki nyumbani na mjukuu wako, wajina wako. Majani yameanguka karibu yote na baridi imeanza kubisha hodi. Lakini nina furaha, mama, furaha ya kijinga kabisa, na nimeona simu haitatosha. Kwa hiyo kaa kitako nikusimulie habari ya samaki. Ndani yake kuna jambo la kukiri, nimelificha humo kama ulivyokuwa ukinifichia klorokwini kwenye uji.

Unamkumbuka Mzee Lyle, yule ninayefanya naye kazi kwenye kiwanda cha pampu? Yeye anazifunga, mimi nazikagua. Ni mtu wa maneno machache na ana ugonjwa mmoja tu, samaki aitwaye maski. Ni samaki mrefu, mwenye mdomo mpana kama wa bata na meno ambayo usingependa kuyahesabu. Watu wa huku husema ni samaki wa kurushiwa chambo mara elfu kumi. Na ukimpata unampima, unapiga naye picha, halafu, usizimie mama, unamrudisha majini. Rehema aliposikia hivyo aliniuliza kama nyama tunayokula imenikinaisha kiasi hicho. Mwaka wa kwanza nilikwenda kwa heshima tu, maana mzee akikualika hukatai. Mwaka wa pili nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimeshaambukizwa.

Sasa sikiliza, hapa kuna kitu utakielewa kuliko mke wangu. Mshipi wa samaki huyu haushikwi mkononi. Unazungushwa kwenye gurudumu dogo la chuma linalokaa juu ya ufito, na ndani yake kuna kitu kama bobini yako, na kidole kinachokwenda huku na huku kuupanga uzi usirundikane upande mmoja. Ukirusha, unaizuia bobini kwa dole gumba. Ukichelewa kuizuia, uzi wote unafumuka na kujisokota, na hapo utakaa nusu saa ukifumua mafundo huku wenzako wanavua. Chambo chenyewe ni kizito, kikubwa kama kiatu cha mtoto, na unakirusha na kukivuta kutwa nzima. Ndiyo maana gurudumu ndilo kila kitu.

La kwanza nililinunua mwenyewe bila kumwuliza mtu, kwa kuwa lilikuwa jepesi na linang'aa. Lilikuwa plastiki tupu. Meno yake ya ndani yalisagika kabla msimu haujafika katikati. Mzee Lyle alilitikisa sikioni, likalia kama njuga, akanirudishia. La pili nikajifanya mjanja, nikachukua la chuma kitupu, kiunzi kizima kisichopinda, gia za shaba, breki ya kumzuia simba. Hilo halikuharibika hata kidogo. Niliyeharibika ni mimi. Kila Jumamosi jioni kifundo cha mkono wa kulia kilivimba hata nikashindwa kukamua ndimu. Mwezi wa nane samaki alinasa, wa kwanza tangu nianze. Nikazungusha mara sita au saba, mkono ukafa ganzi, mshipi ukalegea, akaenda zake. Mzee Lyle akanipa kahawa. Nilitamani anitukane, ningejisikia vizuri zaidi.

Basi Jumamosi ya kwanza baada ya Idi akasema twende dukani, mwaka haujaisha. Nikamchukua na wajina wako kwa kuwa Rehema alikuwa zamu. Muuzaji ni mama mmoja wa makamo, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Alitupangia magurudumu matatu juu ya meza na kutufundisha kama unavyomfundisha mteja kuchagua kitambaa. Ulipapase kwanza ukiwa umefumba macho. Ushike mpini na kuusukuma juu na chini, ukicheza leo kesho utang'oka. Utazame vishikio vyake kama vitakujaa kiganjani ukiwa umevaa glavu, maana mwezi wa kumi na moja huku vidole havisikii. Ulifumbate kwa kiganja uone kama kona zake zinakukwaruza. Nikafanya yote. Kisha akaniuliza ninatumia mkono gani.

Nikajibu, "Kulia," kabla hajafunga mdomo. Sikufikiri, mama. Ilikuwa kama ameniuliza kama nimelelewa na watu.

Mzee Lyle akatua kile alichoshika. "Miaka minne nakuona ukifungua bolti," akasema, "na sijakuona ukifungua hata moja kwa mkono wa kulia."

Nikacheka, nikataka kubisha. Ndipo wajina wako akadakia kwa Kiingereza chake kwamba hata chupa za jemu baba anazifungua kwa mkono huu, akauinua wa kwake wa kushoto juu ili yule mama auone. Halafu akakumbuka. Aliushusha haraka, akauficha nyuma ya gauni kama mtu aliyefumaniwa na kitu cha wizi. Miaka saba, mama. Na mimi ndiye niliyemfundisha kuuficha.

Hiyo ndiyo klorokwini yenyewe. Siku ya Idi uliniuliza kama mtoto ameacha ule mkono, ukanikumbusha kwamba samaki mkunje angali mbichi. Nikakujibu ameacha. Nilikudanganya, mama, tena siku ya Idi, nisamehe. Hajaacha. Nimekuwa nikimhamishia penseli kila jioni, kwa upole, kama ulivyonielekeza, na kila jioni ameipokea kwa kulia bila ubishi. Ila ameacha kuchora. Yule mtoto aliyekuwa akichora mpaka nyuma ya risiti za duka hajachora kitu tangu shule zilipofunguliwa, na mwalimu wake alishaniuliza mbona hamalizi kazi zake na mbona amekuwa kimya. Nikamwambia labda ni baridi. Rehema alikuwa ameniambia mapema, "Mwache mwanangu, Baba Mwanahawa, hujamwona siku hizi anavyokutazama mikono kabla ya kushika kitu?" Mimi nikasema nyumbani kwetu ndivyo tulivyokuzwa, tukafunga mjadala.

Sikulaumu. Nakumbuka ulivyonifunga mkono na ukingo wa kitambaa cha dukani kwako, na nakumbuka pia kwamba ulichagua kitambaa laini, na kwamba ulikuwa ukinifungua ukidhani nimelala. Ulikuwa unaniepusha na fimbo za walimu na maneno ya watu. Nikawa mtu wa kulia, nikasoma, nikavuka bahari. Nilisahau kabisa kwamba niliwahi kuwa mtu mwingine, mpaka muuzaji wa vifaa vya uvuvi aliponiuliza.

Yule mama muuzaji akaenda stoo, maana kwenye rafu hakuwa nalo. Mengi yanatengenezwa mpini ukiwa kulia. Alirudi na moja tu, limeshika vumbi kwenye boksi, mpini upande wa kushoto. La duara, la chuma, zito kiasi. Nikalishika. Mama, nitakuelezaje? Ilikuwa kama kuvaa kiatu changu mwenyewe baada ya kuazima cha kaka kwa miaka. Nililizungusha pale mezani hata Mzee Lyle akaniambia nitalimaliza kabla halijaona maji. Wajina wako alikuwa anatutazama bila kupepesa. Nikampa naye alizungushe. Alinyoosha mkono wa kulia kwanza, akanitazama. Nikamwambia tumia unaoupenda.

Jumamosi iliyofuata tukaenda ziwa la White Bear, sisi watatu, yeye kajazwa ndani ya jaketi la kuelea mpaka masikio hayaonekani. Kulikuwa na manyunyu na upepo wa kukata. Nikarusha na kuvuta, nikarusha na kuvuta, na kifundo cha mkono hakikulia hata mara moja. Ikafika saa saba mchana bila kitu, nikawa nimeridhika na mkono wangu tu, samaki nimeshamsahau. Sasa, kabla ya kutoa chambo majini, wavuvi wa maski huchora umbo la tarakimu nane kwa ncha ya ufito ubavuni mwa boti, kwa sababu samaki huyu hufuata chambo hadi miguuni kwako kama mdai mwenye haya. Nikachora nane yangu bila kufikiri, na katika mzunguko wa pili maji yakapasuka.

Mama, nilipiga ukelele wa Kinyamwezi ambao sijui ulitoka wapi. Alikwenda chini ya boti, akarudi, akaruka juu tukamwona mwili mzima na mistari yake. Breki ikamwachia uzi, nikamrudisha, akachukua tena, nikamrudisha tena, na mkono wa kushoto ulikuwa unafanya kazi kama umengojea kuitwa tangu darasa la kwanza. Mzee Lyle, yule wa maneno machache, alikuwa anaongea mfululizo. Wajina wako alikuwa akinihimiza kwa Kiswahili! Yeye anayenijibu Kiingereza hata nikimwamkia! "Vuta baba, vuta baba," mpaka wavu ukamchukua samaki. Urefu wake ulimfika mtoto begani, na picha nimeiweka ndani ya bahasha, usije ukasema nimerithi ulimi wa mjomba. Tulimshika mkia ndani ya maji mpaka akapata nguvu, kisha akajipinda mara moja na kuzama zake.

Jioni tulipofika nyumbani wajina wako alivua viatu, akaenda mezani, akatafuta karatasi. Alichora samaki na meno yake yote, akachora boti, akachora Mzee Lyle na kofia. Nilikuwa naosha vyombo. Niliona penseli iko mkono gani, nikaendelea kuosha vyombo.

Sasa Desemba tunakuja, mama, tiketi ziko tayari, na hili ndilo linaloninyima raha. Kula anakula kwa kulia na bismillahi yake, hilo ameshalijua na hatulilegezi. Lakini penseli, sindano, mpira, kukata kwa mkasi, ni ule mwingine. Utamwona siku ya kwanza tu. Najua si adabu mtoto kumfundisha mama yake, na najua Shangazi Mgeni atasema Marekani imetuharibu. Aseme. Ninachokuomba ni kwamba usiuhamishe. Akiushusha mwenyewe kwa kukuogopa, mwambie auinue. Nikisema mimi atasikia, lakini ukisema wewe ataamini. Ana jina lako, na umri wake wote amefikiri kwamba bibi yake anashona nguo za watu wote wa Tabora. Naogopa, mama. Sikuogopi wewe. Naogopa ule ukimya wake urudi.

Nisalimie Kaka Juma na baiskeli zake, mwambie pampu ninazokagua si za matairi, aache kuniagiza. Msalimie Shangazi Mgeni kabla hajasoma barua hii, baadaye hatazipokea salamu zangu. Salamu kwa mama jirani wa vitumbua, na kwa mwalimu wa madrasa, mwambie kwamba Rehema amemsomesha mtoto mpaka sura ya Alam Tara. Mzee Lyle naye anakusalimu. Nilimweleza kwamba ulinifunga mkono, akafikiri sana, kisha akasema mama yake pia alikuwa mkali.

Ni mimi mwanao wa mwisho, mtundu wako yule yule,
Ramadhani

Mama, nilikuwa nagundisha bahasha mtoto akaniuliza ninamwandikia nani. Nilipomwambia, akataka nafasi. Sikumtajia neno hata moja wala sikumrekebisha herufi. Huyu hapa chini ni yeye.

SHIKAMOO BIBI. MIMI NI MWANAHAWA. NIMEANDIKA KWA MKONO WANGU.