Watu wa Kopo Hawazibi Pengo

3 Februari

Kwa binti yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na baada ya salamu, u mzima? Kifua kimepona? Sisi huku wazima. Baba yako mzima ila goti, na ukimuuliza atakwambia goti hilo si lake, kaazimwa. Shangazi yako mzima, anasema kwenye picha umekonda. Kinyozi wa chini mzima, anakusalimu. Mpangaji wa chumba cha nyuma anakusalimu ingawa hakujui. Cherehani nayo nzima, inakohoa tu. Na kaka yako anakusalimu. Najua utasema, mama, mwaka wa kumi na moja huu hatujui alipo, atasalimuje? Mimi nikitaja watu wa nyumba hii siwezi kumruka.

Sasa sikia. Mwenye nyumba anabomoa mwisho wa mwaka. Baba yako keshapata vyumba viwili upande wa pili wa mji. Mimi sijafunga hata kijiko. Kaka yako anaijua nyumba hii tu. Siku akirudi akakuta shimo, atamuuliza nani? Baba yako ananiambia, "Wewe mwanamke, utakaa kwenye vumbi?" Nikamjibu, aliyemfukuza mtoto asinifundishe pa kukaa. Basi siku hizi tunakula kimya.

Na hiyo kazi yako mpya ya kuandika, unaandika nini hasa? Shangazi yako ananiuliza, mimi nababaika.

Mama yako

21 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo, na baba shikamoo, na shangazi. Kifua kimepona, na sijakonda, ni ile picha.

Kazi yenyewe usicheke. Ofisi yetu inatengeneza mchezo wa vita. Si wa kwenye simu, ni wa mezani. Watu wazima wenye ndevu zao wananunua sanamu za askari, kila mmoja kimo cha kidole gumba, wanazipaka rangi, wanazipanga, wanatupa dadu na kupigana siku nzima. Kila jeshi ni la viumbe wa nyota fulani, na lina kitabu cha asili yake: walitoka wapi, wanaamini nini, kwa nini wanapigana. Hicho kitabu ndicho ninachoandika. Mkuu wetu alinipa jeshi jipya, akasema, "Nataka watu ambao hakuna aliyewahi kuwasikia." Wiki nzima nilikaa mbele ya karatasi tupu. Halafu nikaandika Watu wa Kopo.

Ndiyo, mama, wale wale. Vifungo vya kwenye kopo la maziwa, tulivyochezea mimi na kaka chini ya cherehani, na wewe juu unashona sare za shule huku unatusimulia vita vyao. Nimeandika kwamba nyota yao ina mfuniko. Nimeandika kwamba wana macho manne. Nimeandika kwamba mmoja wao akifa, nafasi yake mstarini inaachwa wazi, na jeshi linatembea na mapengo yake. Mkuu aliposoma hapo akasema pasiguswe.

Ila kila jeshi lazima liwe na kitu linachokiogopa, na hapo nimekwama. Wao waliogopa nini? Kaka angekumbuka. Nijibu, mama, kitabu kinakwenda kuchapwa.

Binti yako

15 Machi

Mwanangu,

Salamu kwanza. Wote wazima kama nilivyowataja, na niliyemtaja mwisho pia.

Baba yako aliposikia akasema, "Tumemsomesha miaka yote ile aje aandike habari za vifungo?" Jioni nikamkuta anamweleza kinyozi, tena kifua mbele, kwamba binti yake ni mwandishi wa historia ya nyota.

Umenikumbusha mbali. Nikikanyaga cherehani mnasema huko kwao kunanguruma. Kitambaa kikianguka, mnanong'ona, usiku umewaingilia. Nilikuwa nachoka, mgongo unauma, lakini nikisikia vicheko vile chini ya meza nashona shati moja zaidi.

Lakini hapo kwenye pengo umekosea, rekebisha. Mimi sikusema akifa. Nilisema asipoonekana. Nikwambie ukweli, shati la mteja lilipungukiwa na kifungo, sikupata cha kufanana nacho, kaka yako akauliza mbona huzibi. Kwa uvivu wangu nikamwambia Watu wa Kopo hawazibi pengo la mwenzao, wanamngoja. Tazama uvivu wangu ulikofika.

Walichoogopa ni maji. Andika maji tu. Goti la baba yako leo lina nafuu.

Mama yako

18 Septemba

Binti yangu,

U mzima? Sisi wazima. Kitabu kimefika. Nimekisoma mwenyewe, kidole chini ya mstari, siku nne. Umeandika "asipoonekana". Ahsante.

Wabomoaji wametia alama ya rangi mlangoni. Baba yako keshafunga redio na masufuria. Mimi nilimwomba kinyozi niandike anuani yetu mpya kwenye ukuta wake, kwa mkaa, herufi kubwa. Akaniambia taratibu, "Mama, ukuta nao unabomolewa." Wala sikuwa nimefikiria.

Mama yako

2 Novemba

Mama, keti kwanza.

Wanaocheza mchezo huu wana tabia moja: wakiona kosa kitabuni, wanatuandikia kulalamika. Kila wiki barua zinakuja, mwingine anagombania idadi ya vidole vya mfalme. Jana imekuja moja isiyo na jina. Nakunakilia neno kwa neno:

"Kitabu chenu kizuri, lakini ukurasa wa tisa mna kosa. Watu wa Kopo hawaogopi maji. Walikuwa wakiogeshwa kwenye beseni kila Jumamosi na wakifurahi. Wanaogopa pasi. Mkibisha, muulizeni Jemadari Mwekundu yaliyompata. Na ningependa kujua kama aliyewasimulia habari hizi yu mzima."

Mama, Jemadari Mwekundu, kile kifungo chekundu, hayumo kitabuni. Sikumwandika. Nilikuwa nimemsahau kabisa, mpaka jana.

Nyuma ya bahasha kuna anuani ya karakana ya magari. Nilichukua kalamu nimjibu, nikaiweka chini. Barua ya kwanza kwake ni haki yako wewe. Anuani nimekuandikia kwenye karatasi ya pili.

Binti yako

19 Novemba

Kwa mwanangu wa kwanza,

Aliyesimulia yu mzima. Baba yako mzima ila goti. Shangazi yako mzima, analia tangu jana na kunipa kazi ya kumbembeleza ilhali anayestahili kulia ni mimi. Dada yako mzima, yuko mbali, ndiye aliyeandika kitabu. Kinyozi kahama, alikuachia salamu. Nyumba inabomolewa mwezi ujao, usiende kule. Anuani mpya nimeiandika mara tatu, juu, chini na nyuma. Nimeanza kufunga vyombo.

Ni kweli, ni pasi. Nilikuwa nimechoka, Jemadari alikuwa kwenye mkunjo wa sare, sikumwona, nikampitishia pasi akayeyuka. Niliwaambia ameitwa vita vya mbali. Na dada yako aliponiuliza mwaka huu nikamwambia maji, kwa aibu. Kumbe wewe uliona. Ulikuwa na miaka saba, ukaninyamazia miaka yote. Ningesema kweli, kitabu kisingekuwa na kosa, nawe usingeandika. Basi sijui nijute au nishukuru.

Baba yako amesimama nyuma ya kiti changu. Anauliza karakana hiyo ni ya magari madogo au ya malori. Nimemwambia kalamu hii hapa, muulize mwenyewe. Ameishika, ameitazama, amenirudishia. Sasa anasema niandike kwamba chumba cha pili huko tunakohamia hakina mtu.

Sijui kama una mke, sijui kama una watoto, sijui unakula wapi. Hayo yote yatangoja. Usikae kutunga barua ndefu. Andika neno moja tu, hata "nimepata", ulitie kwenye bahasha leo hii, usilale nalo.

Mama yako