Karatasi ya Kaswende

Mpendwa Bibi, naomba msaada, mimi ni fundi cherehani, mke wangu anaishi na virusi vya UKIMWI tangu kabla hatujaoana na alinieleza mwenyewe, mwaka wa saba huu hajaruka dawa hata siku moja, virusi havionekani tena kwenye vipimo na mimi ni mzima, sasa ana mimba ya miezi mitano, basi wiki jana kliniki wakatupima kaswende, mimi sina, yeye karatasi ikasema anayo, nesi akawa anaeleza habari za kipimo cha pili nami nishanyanyuka, nikahamia kulala kibandani kwangu juu ya vitambaa vya watu, kaka yangu ananiambia, "Ulikuwa unafuga nyoka," na mke nilipomuuliza ni mwanamume gani hakulia, alisema tu, "Sijitetei. Damu yangu itajitetea," sasa Bibi, huo ni usafi au kiburi?

Fundi wa kibandani

Mjukuu wangu, ni vyote viwili, na kiburi hicho amekitolea jasho.

Mimi darasa silijui, haya nasema na binti yangu anaandika. Lakini dawa hizo nameza mwaka wa kumi na tisa sasa, na damu yangu nayo iliwahi kusema kaswende. Mjane mimi. Mwanamume wa mwisho kuingia kwangu alikuwa fundi bomba, naye alifuata bomba. Kipimo cha pili kikakana.

Sikiliza. Mwili una walinzi, daktari huwaita kingamwili. Mbwa aliyekesha akifukuza wezi miaka mingi huanza kumbwekea hata mwenye nyumba. Ndivyo virusi hivi hufanya kwa baadhi yetu, na mimba nayo huweza. Kile kipimo cha kwanza hakimwoni mwizi, kinasikia kubweka tu. Wewe ungempima mteja kiuno mara moja, tena juu ya koti, ukakata kitambaa?

Kesho asubuhi nendeni wote wawili mkaombe kipimo cha kuhakikisha. Kikisema anayo, atibiwe siku hiyohiyo, nawe usikilize utakachoambiwa, mtoto hangoji ugomvi wenu. Hata hapo uliza lini kabla ya kuuliza nani, kaswende hujificha miaka. Kaka yako naye mwambie nyoka hamezi dawa kila siku miaka saba.

Ila nyumbani rudi leo. Ukingoja majibu, utakuwa umeirudia karatasi, si mkeo.