Redio ya Mama: Usifungue

Muscat, Jumapili, baada ya alasiri

Dada yangu Sikudhani,

Shikamoo dada. Kabla ya lolote nauliza hali ya Mama. Kidonda kimeamkaje leo? Anakula? Na wewe mwenyewe mgongo umepungua, au bado unashinda kwenye lile benchi la wodini mpaka wanakufukuza? Mimi mwili ni mzima. Joto la huku limeshaanza, mlango wa gari huwezi kuugusa kwa mkono mtupu. Kazi yangu lakini iko ndani ya ghala la baridi, kwa hiyo nashinda nimevaa koti zito na kofia ya sufu, nakagua mashine za kugandisha samaki, halafu natoka nje naungua. Wenzangu wamezoea. Mimi mwaka wa nne huu, na kila nikivuka ule mlango kichwa kinauma.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza uliniambia subiri daktari anapita, nikashukuru moyoni kwamba anapita. Mara ya pili nilikata mwenyewe kabla hujapokea. Mara ya tatu tuliongea kwa muda mrefu, nami nikakuuliza habari za mvua. Basi naandika. Barua hii nampa Mama Zuwena, yule jirani yangu mtu wa Kisarawe anayerudi keshokutwa, akupe mkononi. Isome ukiwa peke yako, na uimalize ndipo ukasirike.

Nitaanza mbali, hata yale unayoyajua, maana nataka uyaone kama nilivyoyaona mimi nikiwa huku.

Nilipokuja likizo baada ya msiba wa Baba, ulikuwa umeshamtoa Mama Kisarawe ukamleta kwako, mtaa wa Picha ya Ndege. Katika mizigo yake kulikuwa na lile boksi la kaseti. Baba alikuwa fundi redio, na kila arusi yenye ngoma iliyomfikia masikioni aliifuata na mashine yake ya kurekodia, na mwanzo wa kila kaseti anasikika mwenyewe akisema ni arusi ya nani. Likizo yangu yote niliimaliza kuzihamisha zile kaseti, moja baada ya nyingine, kwenye kompyuta ndogo niliyoiweka sebuleni kwako kando ya ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani. Hiyo ndiyo seva. Chumbani kwa Mama nikaweka redio ya mtandao, ile isiyo na kaseti wala santuri, inayovuta nyimbo kutoka kwenye seva kwa waifai. Nikamfundisha vitufe viwili tu, cha kupiga na cha kurudia. Sauti ya Baba ilipotoka pale kando ya kitanda chake ulilia, dada. Ulisema nimemrudisha nyumbani.

Miezi michache iliyopita Mama akanipigia.

"Kibwana, redio imenyamaza."

"Inaandika nini, Mama?"

"Sijui inaandika nini. Taa inawaka, lakini yeye haongei. Wamemfungia nje."

"Nani kafungiwa nje?"

"Baba yako. Anagonga, hawamfungulii."

Nilicheka. Nilidhani ndiyo lugha yake ya kusema mashine imeharibika. Nikamwambia, "Usijali Mama, nitamfungulia mimi."

Nikampigia Shemeji Athumani, maana mumeo ni fundi madishi na waya anazijua. Akasema ataiangalia. Kesho yake nikauliza, akasema ataiangalia. Wiki ikaisha. Nikakuuliza wewe, ukanijibu, "Kibwana, Mama hana haja ya muziki sasa hivi. Achana nayo." Namna ulivyolisema lile neno ilinichoma. Nikajiambia, hawa wamechoka na sauti ya Baba, na Mama kwa sababu yupo kwao hana wa kumsemea.

Basi nikaanza kutafuta ubovu mwenyewe kutoka huku. Nilikuwa nimejiachia njia ya kuingia kwenye seva nikiwa mbali. Nikaingia, nikaikuta nzima. Kaseti zote zipo, nikafungua wimbo mmoja ukapiga hapa Muscat bila kukwama. Kumbe seva inaonekana kutoka nchi nyingine, halafu redio iliyo chumba cha pili haiioni. Nikaizima nikaiwasha. Nikakagua kama anwani yake ndani ya nyumba imebadilika, haikubadilika. Nikakagua ulinzi wake kama unazuia wageni, hauzuii. Nikamwomba Mama achomoe redio na kuichomeka, akafanya, taa ikawaka, maandishi yakarudi yaleyale asiyoweza kunisomea. Kila nilipogusa palikuwa pazima, na ndivyo wasiwasi ulivyozidi. Kitu kibovu nimezoea kukishika.

Siku zilezile simu za Mama zikabadilika. Akawa ananong'ona. "Sema taratibu, wanasikiliza." Siku moja aliniuliza kama nimeshakula shuleni. Siku nyingine alipiga hakusema kitu, nilisikia pumzi yake tu, na mbali kidogo sauti yako ikipiga kelele, "Mama, toka hapo mlangoni!" Simu ikakatika. Sikukupigia kuuliza. Hilo najilaumu nalo mpaka leo, kwa sababu nilisikia wazi kwamba unaogopa, nikajiaminisha kwamba ni ukali.

Ijumaa ile nilikuwa sina zamu. Niliporudi kutoka msikitini nikakaa na kompyuta, na safari hii sikwenda kwenye seva, nikaingia kwenye ruta yenyewe, kwa neno la siri nililoliweka mimi na Shemeji siku ya kwanza. Ruta inaorodhesha kila kilichoungwa nayo. Simu yako ipo, ya Shemeji ipo, seva ipo. Redio ya Mama haipo. Niliikuta peke yake upande wa pili, kwenye mtandao wa wageni. Huko kifaa kinapewa intaneti tu, hakiruhusiwi kuziona mashine za ndani ya nyumba. Ndiyo maana haikuiona seva. Wala haikujiweka huko yenyewe. Mtu aliihamisha kwa mkono wake, na mahali pa jina akaandika: Redio ya Mama, usifungue.

Nililisoma mara mbili. Mtu haandiki usifungue bila sababu. Nilijua hivyo, dada, sitaki nijifanye sikujua. Nilikuwa na simu mkononi, ningeweza kumpigia Shemeji nikamuuliza kwa nini. Lakini hasira ilinishika. Nikasema, hii mashine nimeinunua mimi, kaseti ni za Baba, na Mama ni mama yangu pia. Kuna kijisanduku cha kuruhusu wageni waone vya ndani. Nikakiwekea alama, nikahifadhi. Haikufika dakika mbili redio ikaiona seva. Kwangu ilikuwa saa nane na nusu mchana, kwenu saa saba na nusu. Nilikaa nikitazama majina ya kaseti yakipita moja moja kwenye kioo, nikajua Mama anasikiliza. Nikafurahi, nikaenda kufua nguo zangu.

Jioni ulipiga.

"Mama haonekani."

"Haonekani kivipi?"

"Nimetoka kibandani kwenye biashara, nimekuta mlango wazi. Kanga yake haipo. Redio inapiga, Kibwana! Redio inapiga na Athumani aliifunga!"

Ndipo ukaniambia, kwa mara ya kwanza, kwa sauti ya mtu anayekimbia. Kwamba tangu mvua zianze Mama amekuwa akipotea. Kwamba kila akisikia sauti ya Baba anajifunga kanga anatoka kumfuata, na mara mbili amerudishwa na bodaboda kutoka barabara kuu, malori yakimpita ubavuni. Kwamba hospitali walisema ni maradhi ya kusahau, hayarudi nyuma. Redio ilifungwa kwa sababu hiyo. Nami mlinificha kwa sababu mlijua nitaacha kazi.

Nilifungua seva ukiwa bado unaongea. Inaweka kumbukumbu ya kila kilichopigwa. Kaseti ya mwisho aliyoigusa Mama haikuwa ya ngoma. Baba alikuwa anajaribu kinasa sauti alichotoka kukitengeneza, anahesabu moja mbili tatu, halafu anaita: "Mama Siku, acha hiyo sufuria. Njoo basi, nakungoja huku nyumbani." Mama alikuwa ameirudia mara sita.

Nikakwambia, "Mtafuteni njia za kwendea nyumbani kwetu Kisarawe."

Ukauliza, "Umejuaje?"

Nikasema nimekisia tu.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Kwamba aliuliza watu njia, wakamwelekeza, akapotelea upande wa Mbwawa. Kwamba asubuhi yake mke wa mfugaji alimkuta ameketi kando ya zizi lao, mguu mmoja una kiatu na mwingine umechanwa na kisiki, akampa maziwa, akaufunga mguu kwa kipande cha kitenge. Kwamba Mama alimwambia yule mama, "Namfuata mume wangu, fundi redio, ameniita," nao wakaanza kumuulizia fundi redio kana kwamba yu hai, mpaka wakafika ofisi ya mtaa mlikokuwa mmetoa taarifa. Sote tulisema alhamdulillahi. Hatukujua kidonda kitafanya nini kwenye mwili wenye sukari. Vidole viwili vimekwenda. Sasa daktari anazungumzia mguu.

Juzi ulimwekea Mama simu sikioni. Nikasema, mimi Kibwana. Akasema, "Kibwana ndiye aliyemfungulia." Wewe ukachukua simu ukaniambia nisimjali, anachanganya mambo. Hakuchanganya, dada.

Kuna jingine, nalo ni baya zaidi. Siku ya tatu baada ya Mama kupatikana tulikuwa tunaongea, ukaiweka simu mezani bila kuikata. Nilisikia yote.

"Nani mwenye neno la siri kama si wewe?"

"Wallahi Siku, sikugusa."

"Tangu mwanzo ulikuwa unasema tunamnyima Mama haki yake. Ukaamua kumfungulia nyuma ya mgongo wangu!"

"Sikugusa."

"Toka, Athumani. Toka nisikuone."

Nikasikia mlango. Simu ilikuwa sikioni kwangu, mdomo ninao, na neno moja tu lingetosha. Sikulisema. Ulipoichukua simu ukaniambia, "Afadhali wewe ndugu yangu," nami nikaitikia.

Athumani hajagusa kitu. Mimi ndiye niliyeifungua redio ya Mama.

Alhamisi nilimpigia huko Mlandizi kwa kaka yake, anakokaa tangu umfukuze. 

"Shemeji, nina neno."

"Nalijua."

"Hulijui bado."

"Kibwana, ruta inaandika kila anayeingia na anakotokea. Niliangalia jioni ileile, kabla hatujatoka na tochi kumtafuta Mama. Aliyeingia ametoka nje ya nchi. Mimi shemeji wa nje ya nchi ninaye mmoja."

 Nikauliza, "Kwa nini hukumwambia Siku?"

"Saa ile alikuwa hajui kama mama yake yu hai. Nimwambie na ndugu yake ndiye aliyefanya? Nikasema acha anikasirikie mimi, mimi ni mume, nitarudi. Nikajua wewe mwenyewe utasema baada ya siku mbili tatu." Akaongeza, "Wiki ya nne hii, Kibwana. Nimechoka kungoja."

Dada, siombi unisamehe kwenye karatasi. Nimezungumza na msimamizi wangu, ameniruhusu, nakuja mwisho wa mwezi, na nikifika mlangoni kwako utafanya unavyoona. Kama watu wa hospitali watataka uamuzi kuhusu mguu kabla sijafika, msiningoje. Amueni nyinyi mliomuuguza. Redio nimeifunga tena, na Shemeji nimemwambia abadilishe neno la siri asinipe. Kaseti zipo. Kuzifuta au kuziacha ni juu yako. Mimi sina tena sauti katika hilo.

Nisalimie wanao, waambie mjomba wao anawakumbuka. Nisalimie Mama Mdogo wa Kisarawe anayetuangalizia kaburi na ile mikorosho, mwambie asifiche tena habari za dada yake kwangu, hata kama ni nzito. Na ukipata nafasi ya kwenda Mbwawa, mfikishie salamu yule mke wa mfugaji. Hata jina lake sikuwahi kuuliza, na yeye ndiye aliyemfunga mama yetu kidonda.

Ukimaliza kusoma, tafadhali usinipigie mimi. Mpigie Athumani kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Kibwana